Kipindi cha Dini Alichoniachia Mama Yako

Mwanangu Sesilia,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye dawati la mwanafunzi, darasa la Kidato cha Tatu, upande wa dirishani. Jua bado halijazama. Nyumbani sikupata pa kukaa. Shangazi yako na akina mama wa jumuiya wamejaa mpaka uani, wanapika na kuimba, na kila aliyeniona alinipa pongezi kwa sauti ya pole, nikashindwa kujua niitikie lipi. Nikasema naenda kuangalia kama madirisha ya madarasa yamefungwa. Yamefungwa. Nimekaa.

Kesho alfajiri unapanda basi la Iringa, na Iringa masista watakupokea wakupeleke kwao Njombe. Habari za sweta, blanketi na dawa za malaria shangazi yako amezisema na kuzirudia, mimi sitazigusa. Wala sitakufundisha namna ya kuishi na masista, maana sijui. Nimefanya kazi chini yao tangu ujana wangu na mpaka leo sijui huzungumza nini wakishafunga mlango wao. Ninachotaka ni kukueleza jinsi nilivyofika hapa, mimi niliyesema hapana muda wote ule. Mengi uliyaona mwenyewe, lakini uliyaona ukiwa umekaa upande wa wanafunzi. Mimi nilikuwa nimesimama mbele, na kutoka mbele mambo hayakuonekana hivyo.

Nilikuja shule hii nikiwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu juzijuzi. Bibi yako alinilea Kianglikana kule Mpwapwa, yeye mwenyewe akiwa kwenye kwaya, na nikisema kweli sikuja kwa Wakatoliki kwa sababu ya imani. Nilikuja kwa sababu walikuwa na nyumba ya mwalimu iliyoezekwa bati na mshahara wao haukuchelewa. Nikapewa Kiingereza. Mama yako alikuwa anafundisha dini, na kipindi chake kilifuata changu katika darasa hilihili. Mimi nilikuwa na tabia ya kupitisha muda. Kengele ikilia, bado naandika ubaoni. Yeye alikuwa akisimama pale mlangoni, chaki mkononi, hagongi wala hakohoi, mpaka nione haya nitoke.

Siku moja alinifuata ofisini. Nilidhani anakuja kunigombeza kwa kumlia muda. Akaniambia, "Mwalimu Ndahani, wasichana wangu wanamjua Mungu kwa Kiswahili, lakini mtihani unamuuliza kwa Kiingereza."

Ilikuwa kweli. Mtihani wa dini wa Kidato cha Nne ulikuwa wa Kiingereza tangu mwanzo mpaka mwisho, na wasichana waliokuwa wakisali usiku na mchana walikuwa wanaufeli, wakati wale waliosinzia misani lakini wakajua kuandika sentensi walikuwa wanafaulu. Jambo hilo lilimuuma sana. Tukakubaliana kwamba kila wiki nichukue maneno ya somo lake, agano, toba, neema, niwafundishe wasichana katika kipindi changu jinsi yanavyosemwa na kuandikwa, halafu yeye aje nyuma yangu awaeleze ni kitu gani. Mimi nilikuwa na maneno, yeye alikuwa na vitu vyenyewe. Jioni tulikaa ofisini tukipanga, na baada ya muda tukawa tunakaa hata siku ambazo hapakuwa na cha kupanga. Tulifunga ndoa katika kanisa hili la hapa shuleni. Nilibatizwa zamani, kwa hiyo nilifundishwa tu kidogo na padri nikapokewa. Bibi yako alikuja na kitenge kipya, akakaa wima kama mtu aliyefika kwenye ofisi ya serikali, na watu walipopiga magoti yeye aliinamisha kichwa tu.

Hukuwahi kuniuliza kama nilikuwa naamini siku zile. Nafikiri nilikuwa Mkristo kama nilivyokuwa Mgogo. Nilizaliwa humo, sikuona haja ya kuuliza. Kwa upande wa imani niliegemea kwa mama yako. Aliposali niliona kwamba nyumba yetu imesali.

Halafu ikaja ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka labda siku ile sabuni ya kunukia ilipotokea dukani Kongwa na mama yako akainusa akairudisha juu ya meza. Vitu vilijaa madukani na walimu wakapungua mashuleni. Mwalimu wa hesabu alikwenda likizo hakurudi. Tukasikia yuko Arusha, kwenye shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Wafanyakazi wa Bunge na wafanyabiashara wa Dodoma mjini walianza kuleta binti zao hapa kwa magari, na waliposhuka walikuwa na swali moja tu, kama ni kweli kwamba wasichana wetu wanazungumza Kiingereza hata bwenini. Hakuna aliyeuliza habari za Mungu. Walimu wengine walichukia. Sista Gaudensia, mkuu wa shule wetu, unamjua anavyotembea kama mtu anayewahi mvua, alisema kwenye kikao, "Waache waje kwa Kiingereza. Mungu hana wivu na lugha."

Mimi nilifurahi, maana ghafla somo langu lilikuwa na thamani. Nikapata barua ya rafiki yangu kutoka Dar es Salaam akiniita kwenye shule kama hizo, mshahara wa kuridhisha na nyumba yenye umeme. Mama yako hakutaka. Alisema wanafunzi wake hawatapata mtu. Nikamjibu kwamba wanafunzi ni wa masista, si wake. Hatukugombana kwa sauti, ndiyo maana hukusikia, lakini nilimnunia. Nilimnunia muda mrefu sana, Sesilia. Nilikula chakula chake, nikamshukuru, nikamwambia habari za kazini, na katika yote hayo sikumpa neno hata moja la kutoka moyoni. Nilikuwa nangoja ajue kwamba amekosa, kisha tupatane. Nilidhani siku za kupatana zipo mbele yetu zimepangwa, nitachagua mojawapo nitakapokuwa tayari. Uvimbe wake ulipoanza kuonekana, bado nilikuwa nimenuna.

Ugonjwa wake unaujua. Tulikwenda Dodoma, tukapelekwa Dar es Salaam, tukarudishwa nyumbani, na daktari akaongea nami pembeni kwa upole uliotosha kunieleza yote. Mama yako aliendelea kufundisha. Aliwekewa kiti mbele ya ubao, na msichana mmoja akawa anamwandikia. Wewe ulikuwa Kidato cha Pili na ulikuwa unapita makusudi karibu na dirisha la darasa lake kwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Alikuona kila mara. Aliniambia.

Kisha hakuweza hata kukaa. Jioni moja akaniambia, "Nishikie darasa langu."

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Kiingereza, dini sijui niishike wapi.

"Muhtasari uko kabatini," akasema. "Wewe wafundishe kusoma na kuuliza. Hayo mengine hayajawahi kuwa mikononi mwangu, na hayatakuwa mikononi mwako."

Nikaahidi. Ile ndiyo ilikuwa siku tuliyopatana, bila yeyote kutaja tulichokuwa tumekosana.

Alifariki wakati wa kiangazi kikali, mvua ikiwa mbali, na ardhi ilikuwa ngumu kiasi kwamba vijana wa parokia walichimba kaburi kwa mtaimbo. Nilisimama nikisikiliza chuma kinavyogonga udongo. Nilikuwa nimeomba miezi yote ile kama sijawahi kuomba maishani, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anaona taa ndani. Nilipotoka makaburini sikukasirika. Watu hudhani mtu huiacha imani kwa hasira. Mimi nilichoka tu. Niliacha kwenda komunyo, nikahamia benchi la nyuma kanisani, na nikasema nakaa pale ili niwasimamie wanafunzi.

Sasa nije kwenye ile siku ya darasani, kwa sababu nadhani safari yako ya kesho ilianzia pale, na sijawahi kuizungumza nawe sawasawa.

Sista Gaudensia alikuwa ameniomba niendelee na kipindi cha dini mpaka apatikane mtu. Wewe ulikuwa umeingia Kidato cha Tatu, ukawa mwanafunzi wangu kwa Kiingereza na kwa dini. Nilifuata muhtasari wa mama yako ukurasa kwa ukurasa mpaka nikafika kwenye mada ya ufufuko wa wafu. Udongo wa kaburi lake ulikuwa bado haujashikana. Sista alinikuta ofisini nimeuangalia ule ukurasa, akaniambia niruke kama naona heri, ataifundisha padri. Nikasema sitaruka. Ilikuwa ni kiburi. Nilitaka nionekane kwamba neno hilo haliniumi.

Nikaingia darasani nikaandika lile neno ubaoni kwa Kiingereza, herufi kubwa. Nikawafundisha kulikata kwa silabi, wakalitamka pamoja. Nikawauliza kitenzi chake ni kipi, nikawatungisha sentensi. Nilifundisha ufufuko kama ninavyofundisha neno la kabati au dirisha. Wasichana walifuata, maana walikuwa watiifu, lakini darasa lilikuwa linazidi kunyamaza, na mimi nilizidi kusema kwa sauti ya juu.

Ndipo Halima akanyoosha mkono. Unamkumbuka Halima wa Chemba, binti wa yule mfanyabiashara wa ng'ombe. Kwa kuwa ni Mwislamu aliruhusiwa kukaa maktaba wakati wa dini, lakini siku zote aliingia darasani na kusema maktaba kuna baridi. Alisimama, akanyoosha sketi yake.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Neno tumelielewa. Tunachouliza ni wewe. Unaamini kwamba mama yake Sesilia utamwona tena?"

Hakuuliza kwa ufidhuli. Ungekuwa ufidhuli ningejua la kufanya. Aliuliza kama mtu aliyekaa na swali hilo kwa ajili yangu, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa amethubutu kuniuliza, si padri, si bibi yako, si walimu wenzangu waliokuja matangani wakanishika mkono. Nilikutazama. Ulikuwa mstari wa pili, umeinamisha kichwa, umeshika kalamu kwa mikono yote miwili.

Nje upepo ulikuwa unapuliza mchanga kwenye kuta. Nikasema, "Sijui, Halima. Natamani. Lakini sijui."

Nilipokwisha kusema hilo sikuweza kunyamaza tena. Niliwaambia kwamba asubuhi bado nateleka chai ya watu wawili kabla wewe hujaamka, kisha namwaga moja. Niliwaambia kwamba nikisikia mlango wa kanisa unalia huwa nageuka. Sijui yote niliyosema. Halima alikuwa bado amesimama. Akasema kwao mtu akifiwa huambiwa kwamba sote ni wa Mungu na kwake ndiko marejeo, na baba yake aliyasema hayo mbele za watu mdogo wake Halima alipofariki, tena kwa sauti thabiti, halafu usiku akaingia zizini akalia katikati ya ng'ombe. Akakaa.

Kengele ikalia. Wasichana wakatoka mmojammoja wakipita mbele ya meza yangu, na kila aliyepita alisema, "Shikamoo, Mwalimu." Walikwisha kuniamkia asubuhi, wote. Lakini hawakuwa na neno lingine la kumpa mtu mzima wanayemheshimu, wakanipa hilo tena. Nikaitikia marahaba moja baada ya nyingine mpaka darasa likaisha. Wewe ulipita wa mwisho, ukasema vilevile, kama mwenzao.

Jioni ile ulikuwa unachambua maharage. Hukuinua macho. Ukasema, "Baba, leo ndiyo umefundisha dini."

Nilikuambia umalize ukalale. Ndivyo nilivyokujibu. Ulikuwa umenipa kitu kikubwa, na mimi nikakutuma ukalale.

Maneno hayakai ndani ya darasa. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba watoto wanafundishwa dini na mtu asiye na dini. Sista aliniita, akaniambia itabidi kipindi apewe mtu mwingine, si adhabu, na kwamba wasichana wenyewe wameomba nibaki, nikitaka atanitetea. Nikamwambia asijisumbue. Nilirudisha muhtasari siku hiyohiyo, na nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nilijiambia kwamba nimetua mzigo. Mama yako aliniomba jambo moja tu katika maisha yake yote, na mimi nikalirudisha ofisini kama mtu anayerudisha jembe la kuazima.

Miaka ikapita, ukamaliza Kidato cha Sita. Kiingereza chako kilikuwa safi kuliko changu, nasema bila aibu. Akilini mwangu nilikwisha kukuona uko Chuo Kikuu. Nilikuwa nimekuona nikiwa peke yangu, nikitembea, nikipiga mswaki. Kisha ukaniita barazani ukaniambia unataka kwenda kwa masista.

Nikakuuliza umeona nini huko.

Ukasema, "Siku ile darasani, uliposema hujui. Palepale nilijua kwamba mimi ninajua. Sikufurahi, baba. Niliogopa."

Sesilia, sijui kama mzazi mwingine amewahi kupewa jibu gumu namna hiyo. Ungesema umevutwa na nyimbo, au na mavazi yao meupe, ningebishana nawe. Lakini ulikuwa unaniambia kwamba mahali nilipopoteza, palepale ndipo ulipookota. Na mimi nilielewa vibaya. Nilidhani unakwenda kunilipia. Nilidhani umeona baba yako hasali, ukaamua utasali kwa ajili ya watu wawili, na kwamba maisha yako yote yatakuwa fidia ya kipindi kimoja cha dini. Nikasema hapana.

Bibi yako aliniunga mkono kwa sababu zake. Alikuja kutoka Mpwapwa na kuku mikononi, akauliza, "Umemsomesha Kiingereza chote hicho akazungumze na nani huko ndani?" Tena akasema wewe ndiye mtoto wangu pekee, ukifunga mlango wako, na mlango wa ukoo wetu umefungwa. Alilia. Nilimshika mkono, lakini moyoni nilifurahi kwamba kuna mtu wa kulia kwa niaba yangu.

Nikakutafutia kazi Dodoma mjini kupitia mwanafunzi wangu wa zamani, kwenye moja ya zile kampuni zilizokuja miaka hii na zilizotaka msichana wa kupokea simu kwa Kiingereza. Ulitii. Hilo ndilo lililonishinda. Ungenijibu vibaya ningepata nguvu. Ulikuwa unakuja mwisho wa mwezi na mkate na majani ya chai, unanisalimu kwa heshima, unafagia kaburi la mama yako, unaondoka. Ulikuwa unapungua mwili. Nilipokuuliza habari za kazi ulisema nzuri, na nikatambua sauti hiyo. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, ile niliyomtumia mama yako wakati nimenuna, ila wewe hukuwa umenuna. Ulikuwa unangoja tu.

Halafu nikatumwa mjini kuchukua vitabu vya shule. Nililala kwa rafiki, na asubuhi na mapema nikapita karibu na kanisa kubwa wakati wa misa ya kabla ya kazi. Mlango ulikuwa wazi. Nikamwona mama yako amepiga magoti upande wa kushoto.

Nilisimama. Karibu nimwite Veronika, jina lake lilikuwa tayari mdomoni. Kisha yule mtu akageuza kichwa kidogo kusikiliza somo, nikaona ni wewe, umevaa sketi yako ya ofisini.

Sikuingia. Nilikaa nje kwenye ukingo wa ukuta karibu na mlinzi wa baiskeli, na aibu iliyonishika pale sijui niieleze vipi. Nilikuwa nimesema nakukatalia kwa ajili ya elimu yako, kwa ajili ya bibi yako, kwa ajili ya wajukuu. Nikaona siyo. Niliogopa nyumba. Mama yako alikuwa ameondoka, na wewe ulikuwa umekua na sura yake, mwendo wake, hata namna yake ya kungoja mlangoni bila kukohoa, na mimi nilitaka abaki mtu mmoja nyumbani anayefanana naye. Ndani yako nilikuwa namtafuta yeye. Si haki kumfanyia mtoto hivyo. Mtoto hawezi kuwa mabaki ya mtu mwingine.

Ulipotoka ulishtuka kuniona. Tukaenda kunywa chai pale kwa mama mmoja karibu na soko. Nikakuuliza lile swali ambalo ningepaswa kukuuliza barazani.

"Unakwenda ili kunilipia?"

Ulifikiri kwanza. Ukasema, "Hapana, baba. Deni lako ni lako na Mungu. Mimi naenda kwa ajili yangu."

Hujui ulivyonifungua. Nikasema, basi nenda. Chai ikapoa kwenye vikombe, na mama wa mgahawa akaja kuuliza kama ina kasoro.

Ndivyo nilivyofika hapa. Ninayo machache ya kusema kabla giza halijaingia, na siyasemi kama mwalimu.

Itakuja asubuhi ambayo hutajua. Sikutabirii mabaya. Imewapata watu waliosali kuliko wewe, na mama yako aliniambia ilimpata, katikati ya ugonjwa, siku kadhaa mfululizo, na hakumwambia padri bali aliniambia mimi, kwa sababu alijua sitamjibu kwa maneno ya kitabu. Ikikupata, mtafute mtu wa kumwambia. Usiifunike kwa kuimba kwa nguvu. Na huko baadaye wakikupa darasa, maana msichana mwenye Kiingereza kama chako hawatamwacha jikoni, yupo msichana atakayesimama kukuuliza swali kama la Halima. Usimfundishe silabi.

Pia, ukiona siyo, rudi. Najua watu wa hapa watasema, na najua msichana aliyerudi kutoka kwa masista hutazamwa kama aliyeshindwa. Mimi sitakutazama hivyo. Usibaki hata siku moja kwa kuogopa sura ya baba yako. Hutaniletea aibu. Nimekwisha kuwa mwalimu wa dini asiyeamini, sina heshima nyingi ya kupoteza upande huo.

Wanasema huko mtapewa majina mapya. Nitaliandika hilo jipya juu ya bahasha ili barua zikufikie. Ndani nitaandika Sesilia. Ndilo jina mama yako alilolichagua akiwa na mimba yako, akalitamka jikoni mara kwa mara kwa sauti tofauti, kuona kama litafaa kuitwa kwa mbali.

Juzi nilikwenda kwa Sista Gaudensia. Yule sista aliyepewa kipindi cha dini baada yangu amehamishwa, na wasichana wamekaa muhula mzima wakisoma wenyewe. Nikamwambia nitakishika kipindi.

"Umeanza kuamini, Mwalimu?"

"Bado sijui, Sista."

Akafungua droo, akanipa muhtasari. "Basi ingia," akasema.

Kwa hiyo wiki ijayo, wewe ukiwa unajifunza huko, mimi nitakuwa humu, na nitaanza na ile mada niliyoiharibu. Sijui nitawaambia nini. Nitawaacha waulize. Na nimeona kwamba ninakwenda bila kinyongo, jambo ambalo sikulitegemea, ingawa ukiniuliza kama nimepona nitakuambia hapana. Tangu ulipoanza kufunga sanduku sijalala vizuri. Jana nilichukua kiatu chako kimoja nikakipiga kiwi, nikakaa nacho, nikasahau kuchukua cha pili.

Usiniombee niamini. Hilo niachie. Niombee nisiiogope nyumba.

Kesho pale kituoni nitakuwa nafunga kamba za mizigo na kubishana na kondakta, kwa sababu ndivyo wanaume wa kwetu wanavyolia. Usidhani sikuona unapanda. Ndiyo maana nimeyaandika haya leo, uyasome ukiwa umeshapita Mtera, mahali ambapo hutaweza kugeuka unijibu.

Mwanga umebaki kidogo tu kwenye karatasi. Nasikia mlango wa jikoni, na sasa wewe mwenyewe umetoka uani unaniita, chakula kiko tayari, wageni wanamngoja mwenye nyumba. Umeita mara moja. Umeita tena. Nimekaa kimya makusudi, mwanangu, ili uniite mara ya tatu.

Nakuja.

Baba yako